Mteja Mtarajiwa

Bi Sabra alikuwa akikodisha maturubai, viti na masufuria, na kwa watu wengi wa Mtwara jina lake lilikuwa Mama Viti. Ukitaka kuoa, ulikwenda kwake. Ukifiwa, ulikwenda kwake pia, au mara nyingi yeye ndiye aliyekuja kwako, maana habari za misiba zilimfikia kabla wafiwa hawajamaliza kupigiana simu. Alianza na viti vya plastiki vilivyosukumwa kwenye mkokoteni. Sasa alikuwa na malori, ghala Chikongola, vijana wa kufunga na kufungua, mafundi wa mapambo, na ofisi yenye kiyoyozi alichokiwasha wageni wanapokuja tu.

Lakini biashara ikikua, aibu zake nazo hukua. Aibu ya Bi Sabra ilimpata katikati ya msimu wa korosho, pesa zilipoingia mikononi mwa watu na kila mwenye mwana akataka kumwozesha. Vijana walipakia malori kwa haraka, wakachanganya mizigo. Turubai jeupe la msiba likapelekwa kwenye harusi Magomeni, hapohapo mjini. Lile la harusi, lenye vitambaa vyekundu, maua ya plastiki na maandishi ya kumeremeta yasemayo "Hongera Kwa Kupata Jiko", likafungwa Nanyamba juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakimlilia babu yao. Wafiwa walikuwa waungwana, wakajifanya hawakuliona. Ila sheikh aliyekuwa akiomba dua aliinua macho mbinguni, akayakuta yale maandishi yakimkodolea, dua ikamkatikia mdomoni.

Habari ilifika Mikindani siku ileile, kwa Gulzar, mwenye ukumbi na vyombo vya kukodisha, mwanamke ambaye Bi Sabra alishindana naye kwa tabasamu. Walikutana kwenye foleni ya benki. Gulzar akampa pole kwa sauti ya kutosha foleni nzima.

"Pole sana, dada Sabra. Lakini siku hizi kuna mifumo. Sisi mbona tuna mfumo?"

Bi Sabra hakujua mfumo ni kitu gani hasa. Alijua tu kwamba Gulzar anao na yeye hana, na hilo lilitosha kumnyima raha.

Alipolieleza jambo hilo ofisini, Fadhili alisimama kabla hajaambiwa asimame. Fadhili alikuwa mtoto wa mdogo wake Bi Sabra. Nyumbani alimwita mama mkubwa, ofisini alimwita Mkurugenzi. Alikuwa ametoka semina Dodoma na cheti, koti, na maneno mengi mapya ambayo hayakuwa yamepata pa kutumika. Tayari alikuwa amejichapishia kadi zilizomtaja kuwa Meneja wa Mahusiano.

"Mkurugenzi, tatizo letu si viti," alisema. "Tatizo letu ni mahusiano."

"Mahusiano na nani tena?" Bi Sabra alishtuka, maana kwa watu wa rika lake neno lile lilikuwa na maana moja tu.

"Na wateja! Hatuwajui wateja wetu."

"Nisiwajue mimi? Nusu yao ni ndugu zangu."

"Kwenye simu yako umewaandikaje?"

Bi Sabra akafungua simu. Kulikuwa na Harusi Mwalimu Mfupi. Kulikuwa na Msiba Kona ya Nanyamba, Mama Meno, Mama Meno wa Pili, na mwingine aliyeandikwa Huyu Usipokee. Fadhili alitikisa kichwa taratibu, kama daktari anayesoma majibu ya mgonjwa. Likakatwa shauri kwamba kampuni itafute mfumo wa kusimamia wateja, na wauzaji waitwe waje wajieleze.

Wa kwanza kuja alikuwa Kumail, kijana wa Taherali mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mikindani. Alikuja na simu yake tu. Alikuwa ametengeneza kiprogramu cha duka la baba yake, akakibadilisha kidogo kifae kwa maturubai. Ukiingiza kazi na tarehe yake, kilikuonyesha turubai gani liko wapi na lini linarudi, na ukitaka kulipeleka sehemu mbili kwa wakati mmoja, simu ilipiga kelele.

"Halafu?" Fadhili akauliza.

"Basi."

"Hakitabiri mauzo?"

"Hapana. Kinakumbusha tu."

Bi Sabra akaona aulize lililokuwa likimkereketa. "Ndio huu alionao Gulzar?"

Kumail akacheka. "Mama Gulzar? Ana daftari, Bi Sabra. Na mume mwenye kumbukumbu nzuri."

Pengine mtu mwingine angetua mzigo hapo, akanunua kiprogramu cha Kumail na kurudi kwenye shughuli zake. Bi Sabra alifurahi kwa namna nyingine kabisa. Kama Gulzar hana mfumo, basi yeye atakuwa wa kwanza kuwa nao, na wa kwanza hawezi kuwa na kitu kidogo namna hii. Kumail akashukuriwa, akapewa soda, akaambiwa atapigiwa simu.

Wa pili alikuwa Lukasi, aliyetua kwa ndege kutoka Dar es Salaam akiwa na projekta na viatu visivyojua mchanga. Kwa Lukasi kiyoyozi kiliwashwa. Mfumo wake uliitwa Karibu Tena, na ulikuwa na ngazi za Shaba, Fedha na Dhahabu. Aliwachorea ukutani kitu kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa.

"Huku juu, mama, wanaingia wateja watarajiwa. Wengi. Wanachujwa, wanachujwa, huku chini wanatoka wateja kamili, wameshalipa."

"Kama kuchuja tui," alisema Bi Sabra.

"Hivyohivyo!"

"Na machicha yanakwenda wapi?"

Lukasi alisita kidogo tu. Alikuwa ameyazoea maswali. "Machicha tunaendelea kuyatumia ujumbe, mama, mpaka yalainike."

Akaeleza kwamba kila mteja mtarajiwa hupewa joto lake. Kuna wa baridi, ambaye hajafikiria kununua. Kuna wa vuguvugu, anayeanza kufikiria. Halafu kuna wa moto, ambaye wakati wowote kuanzia sasa atahitaji huduma. Mfumo wenyewe ungewaandikia kwa kuwataja majina, bila mtu kugusa simu. Fadhili aliandika kila neno. Bi Sabra aliuliza kama kuna yeyote Kusini nzima mwenye ngazi ya Dhahabu. Lukasi akasema hakuna. Mkataba wa majaribio ukasainiwa kabla hajachomoa projekta.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Fadhili alianza na harusi, akazunguka mitaani na kishikwambi, akiandika mabinti na vijana waliofikia umri na kuwapa joto lao. Haukupita muda, habari ikawafikia akina mama. Mama mmoja wa Rahaleo aliingia ofisini na kapu la vitumbua, akakaa bila kukaribishwa.

"Binti yangu Mariamu umemweka wapi?"

Fadhili akatazama. "Mariamu yupo vuguvugu, mama."

"Vuguvugu!" Mama akashika kiuno. "Mtoto kasoma ualimu, kahitimu, mikono yake inakanda unga mpaka unanukia, wewe unamwita vuguvugu? Na yule wa jirani, yule mwenye sauti kama king'ora?"

"Siruhusiwi kusema, mama."

"Yupo moto, si ndiyo? Nimejua. Haya, mtie mwanangu moto, na vitumbua hivyo ule vikingali vya moto."

Fadhili akala, na Mariamu akapanda. Wiki haikuisha kabla ya sambusa, kashata na kuku wa kienyeji kufuata njia ileile. Mji mzima ukawa hauna tena binti wa vuguvugu. Lukasi akapiga simu kutoka Dar kuwapongeza, maana chati yao ilikuwa imepanda hadi ikatoka kwenye kioo.

Balaa lilianzia upande wa pili wa chati. Karibu Tena ilikuwa imegawa biashara mafungu mawili, sherehe na misiba, na fungu la misiba lilikuwa tupu. Kila asubuhi Fadhili alipofungua kishikwambi, maandishi mekundu yalimkaribisha: "Idara ya Misiba haina wateja watarajiwa. Chukua hatua." Fadhili alikuwa kijana mwenye bidii. Akachukua hatua.

Akaanza kutembelea wagonjwa. Alibeba machungwa, akaingia wodini saa za kuona wagonjwa, akaenda hadi vijijini, akakaa kitandani pa wazee na kuuliza kwa upole homa imeanza lini, hamu ya kula ipo, na familia ikikutana yote, Mungu aepushe, huwa inafika watu kiasi gani. Bi Sabra aliposikia, kifua kilimjaa fahari. Alimpigia simu mdogo wake kumwambia kwamba mtoto amekua, amekuwa mtu wa watu. Hakujua kwamba kila chungwa lilikuwa limeandikwa mahali.

Katika kijiji cha Ziwani alikuwapo mzee mmoja, Mohamedi, mwenye mikorosho mingi na shamba la mihogo, na kikohozi kilichotokana na kupuliza dawa ya salfa mikoroshoni miaka nenda rudi. Fadhili alimtembelea, akamkuta akikohoa, akampa machungwa, akamtia moto. Siku iliyofuata simu ya mzee ililia. Mkewe, Bi Somoe, ndiye aliyejua kusoma maandishi madogo. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Habari Mohamedi! Tunafurahi kukuhesabu miongoni mwa wateja wetu watarajiwa. Wewe ukiwa tayari, na sisi tupo tayari. Sabra Maturubai, Idara ya Misiba."

Mzee akasema ni matapeli wa mtandaoni, futa. Ukaja wa pili: "Mohamedi, tumeona bado hujafanya uamuzi. Je, kuna jambo linalokuzuia?" Mzee akala chakula kidogo kuliko kawaida. Ukaja wa tatu: "Mohamedi, ofa hii inakwisha mwisho wa mwezi."

Asubuhi yake alivaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, akapanda bodaboda mpaka Chikongola, akasimama mlangoni mwa ofisi ya Bi Sabra akiegemea bakora.

"Nani hapa ananisubiri?"

Bi Sabra alinyanyuka kumkaribisha. Alimfahamu tangu zamani, alishampelekea maturubai kwa harusi za wanawe. "Shikamoo mzee Mohamedi. Karibu ukae."

"Sikai. Mnanisubiri mnanisubiri, leo nimekuja mwenyewe, nipimeni kabisa." Hasira zilimrudisha kwenye lafudhi ya kijijini. "Mie ntu nzima, nina mikorosho yangu, nalima kwa mikono hii, halafu nnaniandikia ofa inakwisha mwisho wa mwezi? Nani kawaambia mie nakwisha mwisho wa mwezi?"

Bi Sabra aliusoma ujumbe wa kwanza, kisha wa pili. Alipofika wa tatu alikaa chini. Alimtazama Fadhili, na Fadhili akakitazama kiyoyozi.

"Astaghfirullah," alisema Bi Sabra. "Fadhili, mfute mzee wa watu. Sasa hivi, anaona."

Fadhili alibonyeza hapa, akabonyeza pale, jasho likaanza kumtoka. "Mkurugenzi, Karibu Tena haifuti mteja. Mteja anatoka kwenye faneli kwa njia mbili tu. Umeshinda, au umepoteza."

"Ukishinda maana yake nini?" akauliza mzee.

Fadhili akaanza kukifuta kioo cha kishikwambi kwa mkono wa koti.

"Bonyeza umepoteza," alisema Bi Sabra upesi.

Fadhili akabonyeza. "Inauliza sababu. Kuna 'bei kubwa', kuna 'hapokei simu', kuna 'si wakati wake', kuna 'amechagua mshindani'."

"Hiyo ya wakati!" Mzee akagonga bakora sakafuni. "Andika si wakati wangu. Hiyo ndiyo haki yenyewe."

Fadhili akaandika. Kishikwambi kikatoa mlio mzuri wa kengele. Akasoma, sauti ikafifia. "Inauliza... tumkumbushe lini."

Nje vijana walikuwa wakirushiana viti wakivipanga, na kila kiti kilisikika.

"Weka miaka ishirini," alisema Bi Sabra.

"Mwisho ni mwaka mmoja, Mkurugenzi. Kuna wiki, kuna mwezi, kuna mwaka."

"Kwa hiyo mwakani siku kama ya leo ntaniandikia tena," alisema mzee Mohamedi. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimtisha Bi Sabra zaidi. Kisha jicho la mzee likapata uhai, akainama juu ya kile kishikwambi kana kwamba anayaona maandishi yake. "Rudi nyuma. Bonyeza nimechagua nshindani. Siku yangu ikifika, nitazikwa na Gulzar."

Akageuka akaondoka, na kanzu yake ikapunga upepo mlangoni.

Pigo lile lilikuwa kubwa kuliko mzee mwenyewe alivyodhani. Bi Sabra alikuwa ameshasemwa, ameshachekwa, lakini kuhamwa kwa namna ile, na mtu ambaye hata hajafa, hakuwahi. Alimpigia Lukasi papo hapo.

"Mama, huo si ubaya wa mfumo," alisema Lukasi kwa utulivu. "Hayo ni matumizi. Tunaweza kubadilisha maneno. Badala ya 'wa moto', upande wa misiba tuandike 'anayekaribia'."

Bi Sabra akaitazama simu kama kitu kilichookotwa jalalani, akaikata. Jioni ile alimwambia Fadhili akusanye kadi zake zote za Meneja wa Mahusiano, na kuanzia kesho ahesabu viti vinavyorudi ghalani, hasa miguu ya viti vyenyewe. Kumfukuza hakuweza, mama yake angekuja kulia mlangoni. Mkataba wa majaribio ukavunjwa, wateja watarajiwa wa sherehe nao wakaondoka na mfumo, na kwa hili ofisi ilipokea lawama kuliko kwa misiba. Yule mama wa Rahaleo alikuja kudai kwamba posa ya Mariamu ilikuwa njiani na sasa imepoa.

Kumail akapigiwa simu. Alikuja na kiprogramu chake, akakipakia kwenye simu ya Bi Sabra na ya dereva mkuu, akawaonyesha pa kuandika kazi na pa kuandika tarehe. Fadhili alisimama pembeni akiwa na vumbi la ghalani kichwa kizima.

"Lakini hakina hata faneli," alinong'ona.

"Ndiyo maana nakinunua," alisema Bi Sabra.

Likabaki la mzee Mohamedi. Bi Sabra alilala nalo, akaamka nalo, mwisho akanunua sukari, majani ya chai na shuka jipya, akamwambia dereva ampeleke Ziwani. Mzee alilisikia gari likiingia uani, na mtu akijua anasubiriwa hukaa macho. Bi Sabra aliposhuka alimkuta ameshapanda juu ya mkorosho, anakata matawi makavu kwa panga, akikata kwa nguvu zisizohitajika.

"Umeona?" alimwambia kutoka juu. "Nani anakwisha hapa?"

"Shuka mzee wangu, utaanguka, watu watasema nimekuangusha mimi."

Akashuka taratibu, akajifanya anatazama mzigo wa matawi mpaka pumzi zikamrudia. Bi Sabra alimwomba radhi kwa maneno mengi, bila kumsingizia Fadhili wala Lukasi, akakiri kwamba aliununua ule mfumo kwa ajili ya kumpita Gulzar. Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda wake. Akamsamehe. Bi Somoe akaleta mihogo ya kuchemsha na chai, wakala, wakazungumza bei ya korosho, na neno maturubai halikutajwa.

Wakati wa kuondoka, Bi Somoe ndiye aliyemsindikiza mgeni. Alitembea naye mpaka kwenye gari, akaegemea mlango, akageuka nyuma kuhakikisha mumewe amebaki barazani.

"Mwenzangu," alisema chini chini, "mwache ajisifu. Kile kifua nakisikia mie."

"Mungu atampa afya, dada."

"Amina. Lakini ndugu zake ni wengi, wengine wapo ng'ambo ya Ruvuma, wakija wanakuja na watoto wote. Lile turubai lenu jipya, lile lisilovuja, linachukua watu wangapi?"

Mkono wa Bi Sabra ulikwenda kwenye simu wenyewe, akakifungua kile kiprogramu cha Kumail. Kikamtaka aandike tarehe. Akaizima simu, akaitia mkobani.

"Linawatosha," alisema. "Likipungua, naongeza jingine."

"Na mikeka?"

"Mnazungumza nini huko?" mzee Mohamedi akaita kutoka barazani.

"Namwagiza salamu za watoto wake!" Bi Somoe akajibu kwa sauti ya uchangamfu, kisha akaishusha tena. "Eeh, mikeka?"

"Mikeka nitakupa bure, dada. Hiyo ni zawadi yangu."

"Ahsante. Na lile sufuria kubwa la pilau?"

Bi Sabra akamtazama, akashika kitasa cha mlango wa gari.

"Sufuria utalilipia," alisema.